Kufunga na Kufungua: Uhakiki wa Istilahi za Kitasa cha Usukani

Makala haya yanahakiki maandishi mafupi sana. Ni karatasi moja yenye sentensi kumi na mbili, iliyopigwa chapa na kurudufiwa, ambayo tuliikuta imebandikwa ukutani katika gereji moja iliyoko Themi, mjini Arusha, kando ya barabara iendayo Njiro. Karatasi hiyo ilitafsiriwa kutoka Kiingereza na mtu asiyetia jina lake, nayo yaeleza hatua za kufuatwa na fundi pindi kifaa cha elektroniki kinachozuia usukani wa gari kinapokataa kuachia. Huenda msomaji akauliza kwa nini karatasi ya ukurasa mmoja ihakikiwe katika kurasa hizi, ambazo kwa desturi hushughulikia kamusi na orodha za istilahi. Jibu letu ni kwamba kamusi yaweza kukaa rafuni miaka mingi bila kumdhuru mtu, lakini karatasi hii ilisomwa ikatendwa. Na ilipotendwa ilimgharimu mwenye gari kifaa chake, na nusura imgharimu kijana mmoja kazi yake.

1. Tukio lenyewe

Tulikuwa Themi kwa shughuli yetu ya kawaida ya kukusanya maneno yatumiwayo na mafundi. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Julai, wakati ambapo baridi ya Mlima Meru hushuka mjini na betri zilizochoka hujulikana. Katika gereji hiyo lilikuwapo gari dogo la milango miwili, la aina ya yale yaliyoundwa kwa kukimbia, lisilo na tundu la ufunguo bali kitufe cha kuwashia. Lilikuwa limelala hapo usiku kucha, magurudumu yake ya mbele yakiwa yamekunjwa na kuegemea ukingo wa saruji. Kitufe kilipobonyezwa, taa yenye picha ya ufunguo iliwaka, injini ikanyamaza, na usukani haukuzunguka hata kidogo.

Fundi mkuu alikuwa amekwenda kununua vipuri. Kijana anayejifunza kazi alipewa gari hilo na kuambiwa afuate karatasi iliyoko ukutani. Sentensi yake ya tatu yasema: "Fungua kufuli la usukani, kisha ondoa fyuzi yake." Kijana aliisoma mara mbili, akachukua vifaa vyake, akalala chini ya dashibodi. Bolti zinazoshika kifaa hicho hazina vichwa, kwa kuwa kiwandani hukazwa mpaka vichwa vikatike, makusudi mwizi asiweze kuzitoa. Kijana akatumia patasi, nyundo, na hatimaye keekee. Ilipofika saa sita mchana kifaa kilikuwa mezani, ganda lake limepasuka.

Fundi mkuu aliporudi aliuliza ni nani aliyemwambia avunje. Kijana alijibu kwa adabu: "Mzee, karatasi imesema fungua, nami nimefungua." Palikuwa na maneno makali, na palikuwa na mazungumzo ya kumkata kijana huyo posho yake, au kumwondoa kabisa. Betri ilipopimwa ilikutwa na volti 11.8 tu, ilhali betri nzima iliyotulia huwa na 12.6 hivi. Ni wazi kwamba mtu angalianza kwa kuipa betri nguvu na kuutikisa usukani, upo uwezekano mkubwa kwamba gari lingaliwaka kabla ya chai ya saa nne.

Hatuandiki haya ili kuilaumu gereji. Twaandika kwa sababu tunaona kwamba kijana yule aliisoma sentensi ile kwa Kiswahili sahihi kabisa. Katika lugha ya gereji, kufungua ni kutoa kifaa mahali kilipofungwa. Hufunguliwa nati, hufunguliwa gurudumu, hufunguliwa injini nzima. Kosa lilikuwa limekwisha kutendwa kabla kijana hajashika spana.

2. Kifaa na kazi yake

Istilahi haiwezi kuhakikiwa bila kujua kitu inachokitaja. Kwa hiyo yafaa kwanza tueleze kifaa chenyewe.

Usukani wa gari huunganishwa na magurudumu kwa shafti ndefu inayozunguka. Shafti hiyo hupita ndani ya mrija usiozunguka, ulioshikwa imara chini ya dashibodi. Ili gari lisiibwe, kipande cha chuma huingizwa kutoka kwenye mrija hadi kwenye mfuo wa shafti, na hapo usukani hauzunguki tena. Jambo hili si geni. Huko Marekani, General Motors ilianza kulitia katika magari yake ya mwaka 1969, na sheria ya nchi hiyo ikaanza kuwabana watengenezaji wote wa magari mwaka 1970. Katika magari ya zamani kipande hicho kilisukumwa na ufunguo wenyewe. Dereva aliyeegesha gari huku magurudumu yamekunjwa alijua kwamba lazima autikise usukani kidogo huku akizungusha ufunguo, kwa kuwa chuma kinachobanwa kwa ubavu hakitoki kwa hiari.

Katika magari ya kitufe, kazi ya mkono imechukuliwa na mota ndogo. Kitufe kibonyezwapo, kontroli boksi hutambua kwanza kama ufunguo uliomo garini ndio wenyewe. Ukiwa ndio, huiamuru mota izunguke na kukivuta kile chuma kutoka kwenye mfuo. Kisha swichi ndogo au sensa iliyomo ndani ya kifaa hurudisha taarifa kwamba chuma kimetoka. Taarifa hiyo ikifika, injini huruhusiwa kuwaka. Isipofika, injini haiwaki, hata kama chuma kimekwisha kutoka.

Ukali huo una sababu. Mwaka 2004 General Motors iliyarudisha magari yake ya Corvette ya miaka ya 1997 hadi 2004, yakiwa zaidi ya laki moja, kwa kuwa iliwezekana gari liondoke huku usukani umezuiwa. Dereva wa gari la namna hiyo ana mwendo lakini hana mwelekeo. Hivyo basi, mtu anayetafsiri maelezo ya kifaa hiki anaandika juu ya jambo la uhai, na neno lenye maana mbili mahali hapa si upungufu wa mtindo tu.

3. Makosa ya karatasi

Kwanza tuseme mema yake. Sentensi zake ni fupi, vitenzi vyake ni vya amri kama ipasavyo, na mtafsiri hakuogopa kutumia maneno ya mafundi kama fyuzi, waya na betri. Istilahi yake ya "taa ya onyo" ni nzuri na haina haja ya kubadilishwa. Isitoshe, alithubutu kuandika kwa Kiswahili jambo ambalo wengi wangaliliacha katika Kiingereza na kudai kwamba haliwezekani. Pamoja na hayo, tunaona makosa makubwa manne.

(a) Neno "kufuli" limetwishwa mzigo usio wake. Kufuli ni kifaa kinachojitegemea. Hutundikwa penye pete au mnyororo, na likifunguliwa huondolewa likawekwa mfukoni. Kifaa cha usukani hakitundikwi wala hakiondolewi kila siku, bali kimejengwa mahali pake kama kile cha mlangoni, ambacho Waswahili wamekiita kitasa tangu zamani. Tena, karatasi hii yatumia "kufuli" kwa vitu vinne mbalimbali: kifaa kizima, chuma kinachoingia katika mfuo, hali ya usukani kuzuiwa, na hata picha iliyomo katika taa ya onyo. Fundi anayesoma "angalia kufuli" hawezi kujua aangalie nini kati ya hivyo.

(b) Neno "nguzo" limetumiwa bila kutofautisha kinachosimama na kinachozunguka. Karatasi yasema kwamba kufuli huzuia nguzo isizunguke. Lakini nguzo haizunguki kamwe, na ndiyo maana ikaitwa nguzo. Kinachozunguka ni shafti iliyomo ndani yake. Asiyejua tofauti hii hawezi kuelewa kwa nini kuutikisa usukani husaidia. Usukani ukitikiswa, shafti hulegeza mbano juu ya chuma, nacho chapata nafasi ya kutoka.

(c) Vitenzi "funga" na "fungua" vimeachwa bila mipaka. Hili ndilo kosa kubwa kupita yote. Katika Kiswahili cha nyumbani, kufunga mlango ni kuuzuia usipitike. Katika Kiswahili cha gereji, kufunga kipuri ni kukitia mahali pake na kukikaza. Maana hizi mbili zaishi pamoja kwa amani katika mazungumzo, kwa sababu wasemaji huonyeshana kitu kwa kidole. Ukutani hakuna kidole. Sentensi ya saba ya karatasi yasema: "Hakikisha kufuli limefungwa kabla ya kuunganisha betri." Je, kifaa kiwe kimekazwa mahali pake, au usukani uwe umezuiwa? Tuliwauliza mafundi sita wa mtaa huo, mmoja mmoja. Wanne walijibu la kwanza, wawili la pili, na hakuna aliyekuwa na shaka juu ya jibu lake. Kwetu sisi hali hii ni mbaya kuliko kutoelewa, kwa maana asiyeelewa huuliza, bali aliyeelewa kinyume hutenda.

(d) Karatasi haitenganishi chuma kilichokwama na taarifa isiyofika. Kila hitilafu imeitwa "kufuli halifunguki". Lakini mara nyingi chuma kimetoka, na usukani wazunguka vizuri, ila swichi ya ndani imechakaa na haisemi kitu. Fundi aliyeambiwa kwamba kitu hakifunguki atatafuta nyundo. Aliyeambiwa kwamba taarifa haifiki atatafuta waya, kiungio na swichi. Maneno humtuma mtu kwenye sanduku hili au lile la vifaa. Katika mlango huohuo karatasi yamwagiza fundi "asome kodi". Kodi ni fedha ilipwayo serikalini au kwa mwenye nyumba. Alama za tarakimu na herufi zitolewazo na mashine ya kupimia tayari zina jina lao, yaani misimbo.

Twaweza kuongeza kosa dogo la tano. Karatasi inaliita gari lenyewe "gari la michezo". Msomaji wa kawaida atadhani ni gari linalobeba wachezaji na mipira yao. Wazee wa Arusha waliotazama mbio za Safari wanajua kwamba magari ya jamii hii si mageni Afrika Mashariki. Datsun 240Z ilitwaa ushindi wa mbio hizo mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Lakini gari la mashindano si lazima liwe sawa na gari la mtu binafsi lililoundwa kwa kukimbia, na neno "mwendokasi" limekwisha kuchukuliwa na mabasi ya Dar es Salaam tangu mwaka 2016. Tungependelea "gari la kasi", nalo latosha.

4. Mapendekezo yetu, na jinsi yalivyopokelewa

Utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi ni kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Utaratibu huo umetupatia mafanikio. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuingia garini, na rubani aliongoza jahazi kabla ya kupanda ndege. Kwa hiyo tulipeleka gerejini mapendekezo yafuatayo, tukayajadili kwa muda wa siku tatu.

Kifaa kizima tulikiita kitasa cha usukani, na penye haja ya kukitofautisha na kile cha zamani, kitasa cha usukani cha elektroniki. Mafundi walikubali bila ubishi. Tulikataa "kitasa cha umeme", kwa sababu katika gereji zetu neno umeme humpeleka mteja kwa fundi wa waya na taa, ilhali hapa kinachoamua ni kontroli boksi.

Chuma kinachoingia na kutoka tulikiita komeo. Mtu mmoja alisema kwamba kwao komeo ni la zizi la ng'ombe. Tukamjibu kwamba kazi ni ileile: kipande kimoja kinapita kutoka palipo imara na kuzuia kinachotembea. Alicheka, akakubali.

Mrija usiozunguka ubaki nguzo ya usukani, na kinachozunguka kiitwe shafti ya usukani. Shafti ni neno la kigeni, lakini limekwisha kupata uraia, na hatuoni faida ya kulifukuza ili kulipisha neno litakalohitaji kuelezwa kila mara.

Kuhusu vitenzi, tulikwenda na tumaini kubwa. Kiswahili kina kukomea, yaani kufunga kwa komeo, na kinyume chake kukomoa. Jozi hii ingalituondolea utata wote, na ofisini tulikuwa tumekwisha kuiandika kwa wino. Gerejini haikudumu hata dakika kumi. Kwa vijana wa leo, kukomoa ni kumtendea mtu jambo la kumwumiza ili ajute. Tulipotamka kwamba fundi aukomoe usukani, walicheka mpaka wengine wakaweka spana chini, na yule kijana wa tukio letu akasema kwamba usukani ndio uliomkomoa yeye. Neno lililo sahihi katika kamusi laweza kuwa limekwisha kuhama kwa wasemaji, na mwundaji wa istilahi asiyetoka ofisini hatapata habari ya kuhama huko.

Kwa hiyo tuliacha vitenzi hivyo tukafuata usemi ambao mafundi wenyewe walikuwa wakiutumia mbele yetu bila kuombwa: komeo limeingia, komeo limetoka. Hapo hapana utata. Komeo likiingia, usukani umezuiwa, na likitoka, usukani u huru. Kufunga na kufungua vibaki na kazi yake ya gerejini ya kutia na kutoa vipuri, na visitumike kamwe katika maandishi ya ufundi kwa maana ya hali ya komeo.

Kwa istilahi hizo, hatua za mwanzo za karatasi zaweza kuandikwa upya hivi:

Moja: Pima betri. Ikiwa nguvu yake ni ndogo, ichaji au uibadilishe kwanza, ndipo ujaribu tena.
Mbili: Bonyeza kitufe huku ukiutikisa usukani kushoto na kulia, ili shafti isilibane komeo.
Tatu: Sikiliza karibu na nguzo ya usukani. Mota ya kitasa ikilia, amri inafika. Isipolia, kagua fyuzi, waya na viungio.
Nne: Usukani ukizunguka lakini injini haiwaki, komeo limetoka ila taarifa haifiki. Soma misimbo kwa mashine ya kupimia, kisha kagua swichi ya ndani ya kitasa.
Tano: Usiondoe fyuzi ya kitasa wakati komeo limeingia, kwa maana halitatoka tena mpaka fyuzi irudishwe. Kamwe usijaribu kuliendesha gari ambalo komeo lake halijathibitika kutoka.
Sita: Usifungue kitasa kutoka kwenye nguzo ila kwa idhini ya fundi mkuu. Bolti zake hazina vichwa, na katika magari mengi kitasa kipya ni lazima kitambulishwe kwa kontroli boksi kabla ya kufanya kazi.

Msomaji ataona kwamba kitenzi "fungua" kimetokea mara moja tu, na kwa maana moja tu.

5. Lawama ni ya nani

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kumlaumu mtafsiri. Lakini mtafsiri huyo alitafuta istilahi, na tunaloweza kuulizwa sisi ni hili: alipozitafuta, alizikuta wapi? Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule ambao Azimio la Arusha lilipitishwa katika mkoa huuhuu na wananchi wakahimizwa kujitegemea. Tangu hapo istilahi nyingi zimesanifiwa, hasa za utawala, elimu na taaluma. Gari limekwenda mbele kwa kasi kuliko orodha zetu. Kabureta iliingia katika Kiswahili kwa miguu yake yenyewe, nayo sasa inatoweka kabla hatujamaliza kuijadili. Elektroniki imeingia usukanini, katika breki na mlangoni, na sisi bado tunakutana na neno lake kwa mara ya kwanza likiwa ukutani, limekwisha kukosewa.

Papo hapo Arusha kipo Chuo cha Ufundi kilichoanzishwa mwaka 1978, na kila mwaka vijana hutoka katika vyuo vya ufundi vya nchi hii wakiwa wamefundishwa kwa Kiingereza kazi ambayo wataifanya kwa Kiswahili. Katikati ya lugha hizo mbili kuna karatasi kama hii, na watu wasiojulikana wanaozitafsiri usiku ili zitumike asubuhi. Tunatoa wito kwamba kamati za istilahi zikae na mafundi kabla ya kusanifu wala si baada yake. Kwamba kila istilahi ya ufundi ijaribiwe katika sentensi ya amri, kwa kuwa neno laweza kupendeza katika orodha likaua katika sentensi. Na kwamba maandishi ya gerejini yahesabiwe kuwa maandishi yanayostahili uhakiki.

Yule kijana hakufukuzwa. Tuliketi na fundi mkuu, tukamsomea sentensi ya tatu kwa sauti, kisha tukamwomba aseme yeye angefanya nini kama angekuwa na miaka kumi na tisa na hajawahi kuona kifaa hicho. Alikaa kimya kitambo, akaibandua karatasi ukutani, akatukabidhi. Gari lilisubiri kitasa kingine kwa wiki tatu. Gharama waligawana mwenye gereji na mwenye gari, baada ya mabishano ambayo hayakutuhusu. Mtafsiri hakulipa chochote, na sisi pia hatukulipa. Ndiyo sababu tumeona kwamba angalau tunadaiwa makala haya.